Kuhamia Tanga kutoka Dar: jinsi ya kuamua kabla hujakodi Fuso

Tanga ina jina lake la utani: waja leo, waondoka leo. Wenyeji hulisema kwa majivuno na mgeni hulielewa atakavyo. Mimi huu ni mwaka wa tano tangu nije na sijaondoka, lakini nimesaidia kushusha mizigo ya jamaa watano walionifuata kutoka Dar, na nimesaidia kupakia mizigo ya watatu kati yao wakirudi. Katika hao watatu hakuna aliyekimbizwa na joto, mbu wala upweke. Wote walirudi kwa sababu ya pesa, na si kwamba Tanga iliwapandia bei. Pesa iliyokuwa ikiwaingia Dar haikuwafuata.

Kwa hiyo naanzia mfukoni. Bahari ipo, haiendi kokote.

Naandika kuhusu Tanga kwa sababu ndiyo njia niliyopita. Kama unaiwazia Mtwara au Lindi, au uko Nairobi na macho yako yako Malindi, badilisha majina ya mitaa na usome hivyohivyo.

Hatua ya kwanza: jua shilingi yako inatoka wapi

Chukua karatasi, andika kila pesa iliyokuingia miezi sita iliyopita na mtu aliyekupa. Usiandike "biashara", andika mtu. Halafu mbele ya kila jina jiulize: huyu angenipa pesa hii kama ningekuwa kilomita 350 kutoka alipo?

Mwajiriwa anayehamishwa na ofisi yake hana kazi kubwa hapa, jibu analo kwenye barua. Mstaafu ambaye pensheni yake inaingia benki naye yuko salama. Anayefanya kazi kwa kompyuta, mhasibu, mchoraji ramani, mfasiri, anaweza kuhama, ila aangalie wateja wake walimpataje. Jamaa yangu mmoja alikuwa anasanifu nembo na mabango. Aliamini kazi zake zote zinakuja kwa WhatsApp. Alipokaa Tanga miezi mitano ndipo akagundua kwamba WhatsApp ilikuwa inakuja baada ya kukutana na mtu kwenye harusi Sinza au kwenye foleni ya benki Posta. Kazi za zamani ziliendelea, mpya hazikuja.

Mwenye mpango wa kufungua biashara akiwa hapa ndiye wa kufikiri mara mbili. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5.3 Dar es Salaam. Jiji la Tanga halikufikisha laki nne. Saluni ya kuweka rasta za bei ya Mikocheni, duka la keki za harusi, gereji ya magari ya aina moja tu, hivi vinataka umati nyuma yake. Hapa wateja wa keki ya laki tatu utawajua kwa majina baada ya mwezi, na mmoja akichukia umepoteza sehemu ya soko. Bidhaa ya kila siku inakwenda vizuri zaidi: maji, mkaa, unga, vipuri vya baiskeli. Usicheke vipuri vya baiskeli. Tanga ni mji wa baiskeli, mama anatoka sokoni juu ya baiskeli na mzee anakwenda Ijumaa juu ya baiskeli.

Utasikia pia habari ya fursa, na hapo naomba utulie. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, linaishia Chongoleani, kaskazini kidogo ya mji. Bandari nayo imechimbwa na kujengewa magati. Zamani meli kubwa zilisimama mbali na mizigo ikaletwa kwa matishari. Haya ni mambo ya kweli na yamebadilisha mji. Lakini tofautisha kazi ya kujenga na kazi ya kuendesha. Ujenzi wa bomba unataka maelfu ya vibarua, wapishi, madereva na vyumba vya kupanga. Bomba likishaanza kupitisha mafuta, linataka watu wachache wanaotazama mita. Ukifungua mgahawa kwa kutegemea kambi, jiulize kambi itakuwepo mpaka lini.

Mji huu umewahi kuyaona hayo. Mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha karibu tani 230,000 za mkonge, na Tanga ndiyo ilikuwa moyo wake: reli, maghala, mashamba kila upande. Kamba za nailoni zikaja, bei ikaanguka, na baada ya kutaifishwa mwaka 1967 uzalishaji ukaendelea kushuka hadi ukabaki sehemu ndogo tu ya ule wa zamani. Majumba makubwa unayoyapiga picha Raskazone na kando ya bandari yalijengwa na pesa ya siku zile. Wazee wa hapa wakisikia neno "fursa" hunywa kahawa kwanza.

Kama zaidi ya nusu ya karatasi yako ina majina ambayo yasingekupa pesa ukiwa mbali, usifunge mizigo bado. Tumia miezi sita kujaribu kuyahudumia majina hayo bila kuonana nayo, ukiwa bado Dar. Utapata jibu kwa bei ndogo.

Hatua ya pili: hesabu ya matumizi, pamoja na ile safari ya Dar

Kodi ya nyumba itashuka, hilo karibu kila mtu analijua. Nauli ya ndani itashuka zaidi, kwa sababu mji wenyewe ni mdogo na mengi unafika kwa miguu, kwa baiskeli au kwa bajaji ya dakika kumi. Muda wa foleni utarudi mikononi mwako. Mimi nilikuwa natoka Kimara saa kumi na moja alfajiri, sasa saa hiyo nimelala.

Visivyoshuka: umeme una bei moja nchi nzima. Kifurushi cha simu ni kilekile. Ada ya shule binafsi nzuri haina huruma sana. Samaki je? Hapo wengi hudanganyika. Samaki wa Tanga wanafuata upepo na mwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, mwezi ukiwa mpevu wanakuwa adimu. Kusi likivuma kwa nguvu katikati ya mwaka, vyombo vidogo havitoki na bei inapanda mpaka unakula maharage kama mtu wa Dodoma. Machungwa, hayo ndiyo kweli. Msimu ukifika Muheza, ambako si mbali, utayala mpaka uyachoke.

Sasa weka mstari ambao wote huusahau: safari za Dar. Misiba, harusi, mteja anayetaka kuona sura, karatasi inayohitaji sahihi yako wizarani. Basi kutoka Stendi ya Magufuli, Mbezi, kupitia Chalinze na Segera hadi Kange ni safari ya saa tano au sita kama njia ni nzuri, hivyo kwenda na kurudi ni siku mbili zimekwenda. Nilipokuwa napanga nilikadiria safari nne kwa mwaka. Mwaka wa kwanza nilikwenda mara kumi na moja. Kadiria idadi yako, izidishe mara mbili, piga hesabu ya nauli, chakula na siku za kazi zilizopotea, kisha igawe kwa miezi 12. Namba utakayopata iongeze kwenye kodi ya nyumba ya Tanga. Hiyo ndiyo kodi yako halisi, nayo ndiyo ya kulinganisha na ya Dar.

Hatua ya tatu: njoo ukae, na usije Desemba

Desemba Tanga ni tamu. Ndugu wamerudi likizo, upepo wa kaskazi unapuliza, kila mtu ana hela kidogo. Usiamue kwa Desemba.

Njoo mara mbili. Mara ya kwanza iwe mwishoni mwa Februari au Machi, kaskazi inapokufa na masika hayajaja. Hewa inasimama, shati linaganda mgongoni saa mbili asubuhi, na usiku umeme ukikatika unasikia nyumba nzima ya jirani ikihamia nje na mikeka. Mara ya pili iwe Aprili au Mei, mvua inapopiga siku tatu mfululizo. Wiki mbili kila mara zinatosha.

Usifikie hoteli ya ufukweni. Panga chumba Ngamiani, kule mitaa inakoitwa kwa namba, barabara ya ngapi na ya ngapi, au Chuda, au Makorora. Halafu ishi siku ya kawaida. Fanya kazi yako kweli, Jumatano nzima, uone intaneti inakuchukuliaje. Nenda Soko la Mgandini asubuhi na kapu, si na kamera. Toka saa tatu usiku uone usafiri unapatikanaje na kama mtaa umelala. Zunguka Ijumaa mchana kutafuta fundi, uone shughuli zinavyosimama kwa swala na zinavyochelewa kurejea. Kama jambo hilo litakukera kwa wiki mbili, halitakufurahisha kwa miaka kumi.

Na kaa na watu. Ukipita barazani bila salamu unaonekana umepungukiwa malezi, hata uwe na haraka gani. Shikamoo kwa wazee, hali kwa wenzio, habari za nyumbani kabla ya kuuliza bei ya bati. Kwa mtu aliyezoea Kariakoo inaonekana kupoteza muda. Mwaka wangu wa pili hapa nilifiwa na mama yangu mdogo, na kabla sijamaliza kupiga simu nyumbani, wanawake wa mtaa walikuwa wameshaleta sufuria na mikeka. Kumbuka tu kwamba msiba wa jirani nawe unakusubiri, na kutokwenda kunahesabiwa.

(Ndugu zako wa bara watakuuliza kuhusu majini. Waambie yapo, yanapanga Raskazone, ndiyo maana kodi ya kule iko juu.)

Hatua ya nne: hospitali kwanza, shule baadaye

Tanga ina Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo, pamoja na vituo vya serikali na vya binafsi. Malaria, uzazi wa kawaida, kisukari kinachodhibitiwa, mifupa iliyovunjika, haya yanahudumiwa. Moyo, saratani au upasuaji wa kibingwa sana vinaweza kukupeleka Muhimbili au KCMC ya Moshi, na zote ziko saa kadhaa kwa barabara.

Kama kuna mtu nyumbani kwako mwenye ugonjwa wa kudumu, usimuulize rafiki anayeishi hapa. Chukua kadi ya mgonjwa, nenda hospitalini wakati wa ile ziara ya Machi, uliza mambo matatu: daktari wa ugonjwa huu anakuwepo siku gani, dawa hii inapatikana hapahapa au inaagizwa, na usiku wa manane ikitokea dharura gari la wagonjwa linapatikanaje. Uliza pia kama bima yako inakubaliwa pale. Majibu yakikutia wasiwasi, kwa heshima kabisa, baki Dar. Upepo wa bahari hautibu figo.

Kuhusu shule, jambo moja tu: mtoto aliye karibu na mtihani wa taifa, darasa la saba au kidato cha nne, usimhamishe katikati ya mwaka. Subiri amalize. Walio chini yao wahamishe Januari.

Hatua ya tano: mtaa, nyumba, na dalali

Raskazone na upande wa Bombo kuna upepo, miti na kodi kubwa. Chumbageni ni karibu na ofisi. Ngamiani kuna uhai, kelele, chapati za alfajiri na msikiti kila kona. Sahare ni kwa anayetaka kuwaona wavuvi na yuko tayari kuishi na harufu yao. Kange kunafaa anayesafiri sana, stendi iko hapo. Pongwe kuko mbali kidogo, kwenye kiwanda cha saruji, na viwanja ni vikubwa.

Dalali atakuonyesha nyumba na kutaka malipo ya mwezi mmoja, na mwenye nyumba mara nyingi atataka miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Wengine huomba pia hela ya kukuonyesha tu. Nilipofika mara ya kwanza dalali alinionyesha nyumba nzuri mno, ukuta mweupe, ua umefagiwa, bei ya kushangaza. Ilikuwa Septemba. Nikalipa miezi sita. Aprili nilikuwa navua viatu mlangoni mwangu kuingia chooni, ua mzima umekuwa bwawa, na dalali amebadilisha namba. Baadaye nilijifunza kutazama kitu kimoja ambacho rangi haifichi: nyumba za jirani. Mwenye nyumba hupaka ukuta wake, lakini hapaki wa jirani. Ukiona mstari wa udongo kwenye kuta za pande zote mbili, na mawe yamepangwa mlangoni kama ngazi, hapo maji hupita.

Tazama pia chumvi. Shika nondo za madirisha, bawaba za geti, misumari ya bati. Nyumba ya karibu na bahari inakula chuma. Friji, baiskeli, kompyuta, vyote vinazeeka haraka, na gharama hiyo ni yako, mwenye nyumba haimhusu. Mita mia kadhaa ndani kutoka ufukweni zinaleta tofauti kubwa, na upepo bado unaupata kama madirisha yanatazama mashariki.

Maji ya mji yanatoka bwawa la Mabayani kwenye mto Zigi, na mamlaka ya maji ya hapa, Tanga UWASA, mwaka 2024 iliuza hatifungani ya kijani, yaani ilikopa kwa wawekezaji kwa ajili ya miradi ya mazingira, ya shilingi bilioni 53.12 kupanua huduma. Pamoja na hayo fungua bomba mwenyewe, asubuhi na jioni, na uulize jirani. Kwenye umeme, hakikisha mita ya LUKU ni yako peke yako. Ukishirikiana na wapangaji wengine watatu, ugomvi wa friji la nani utauzoea. Na kumbuka kodi ya jengo inakatwa humohumo kwenye LUKU, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Ni deni la mwenye nyumba, kwa hiyo kubalianeni mapema itapunguzwaje kwenye kodi yako ya pango, na liandikwe kwenye mkataba.

Hatua ya sita: kiwanja kisubiri

Utakapofika, wiki ya pili mtu atakuambia kuna kiwanja kinauzwa rahisi, kinaona bahari. Jizuie mwaka mzima.

Kwanza, sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na muuzaji wa "kinaona bahari" mara nyingi anauza humohumo. Pili, ardhi ya pwani ina mirathi ndefu. Babu alikufa bila kugawa, watoto saba, wawili wako Unguja, mmoja Mombasa, na anayekuuzia ni wa nane ambaye hamumjui. Tatu, jambo ambalo mtu wa bara humshangaza: mnazi unaweza kuwa wa mtu na ardhi ya mtu mwingine. Umenunua shamba, kesho kijana anakwea minazi na panga kiunoni, na haki anayo.

Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa ni ushahidi kwamba mmeonana, haufanyi kazi ya hati. Kama kiwanja kina hati, fanya upekuzi kwa msajili wa hati kabla hujatoa hata kishika uchumba. Kama hakina, waite warithi wote kikao kimoja, mbele ya wakili, na majirani wa mipaka minne. Wakikataa kukutana, umeshajibiwa.

Hatua ya saba: weka tarehe, kisha uhame kwa mlango mmoja wazi

Ukirudi Dar baada ya ziara mbili, kaa na mwenza wako, kila mtu aandike peke yake, bila kuongea, jambo moja litakalomfanya arudi. Nimeona ndoa ambamo mume aliandika "pesa ikipungua" na mke akaandika "mama akiugua", na hawakuwahi kuzungumzia la pili hata siku moja. Andikeni na tarehe: miezi 12 kuanzia siku ya kuhamia, mtakaa tena na ile karatasi ya majina ya hatua ya kwanza.

Mpaka tarehe hiyo, nyumba ya Dar kama ni yako ipangishe, usiuze. Kama ulipanga, usigombane na mwenye nyumba wakati wa kutoka. Wateja wa Dar usiwaage kwa sherehe; waambie umehamisha ofisi.

Mizigo mimi nilipakia kwenye Fuso lililokuwa limeshusha machungwa ya Muheza sokoni Dar na linarudi tupu, na dereva alinipunguzia sana kwa sababu hata hivyo alikuwa anarudi. Ulizia sokoni msimu wa machungwa, siku tatu kabla. Funga godoro kwa nailoni, kwa sababu Chalinze ina vumbi na Segera inaweza kuwa na mvua siku hiyohiyo. Panga kufika mchana. Vijana wa kushusha wanapatikana, na ukiwa bado unafagia chumba nenda kajitambulishe kwa mjumbe na kwa mwenyekiti wa mtaa ukiwa na kitambulisho cha NIDA na nakala ya mkataba. Namba ya mita ya LUKU iandike ukutani nyuma ya mlango, utaihitaji usiku huohuo.